KUCHAGUA KITAFUTA SAMAKI KWA MASHUA NDOGO: MAELEZO KWA VYAMA VYA WAVUVI

Chama Kikuu kimepokea barua kutoka kwa baadhi ya vyama wanachama vya pwani zikiuliza juu ya kifaa cha umeme kiitwacho kitafuta samaki. Vyama hivyo, pamoja na uvuvi wao wa kila siku, vina mashua ndogo za urefu wa mita 5 hadi 8 ambazo hukodishwa na wageni na wenyeji wapendao kuvua kwa mshipi kwa ajili ya kujiburudisha. Wageni hao wameanza kuuliza, hata kabla ya kuuliza bei, kama mashua ina kifaa hicho. Ndiyo maana viongozi wa vyama nao wanatuuliza: tununue kipi?

Kabla ya kujibu, hatuna budi kueleza yaliyokipata chama kimoja ambacho hatutakitaja. Chama hicho kilitenga sehemu ya ziada yake ya mwaka kikanunua kifaa chenye kioo kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa dukani. Mashua yake ni ya mbao. Fundi alikibandika kwa gundi kile kipande kinachotoa na kupokea sauti, yaani transdusa, ndani ya mashua juu ya ubao wa chini. Kwa kuwa tundu la kupitishia waya lilikuwa dogo, aliukata waya na kuuunga tena. Siku ya kwanza baharini kioo kiliwaka vizuri na rangi zikapita, lakini hakikuonyesha samaki, wala hata chini ya bahari. Mwuzaji alikataa kukipokea tena kwa sababu waya ulikwisha katwa. Nahodha akarudia bildi yake ya zamani, na fedha za wanachama zikabaki zimefungiwa katika kabati la ofisi.

Hakuna aliyeziiba fedha hizo. Zilipotea kwa sababu kamati ilichagua kioo, badala ya kuchagua kifaa kinachoelewana na mashua yake, maji yake na aina ya uvuvi wake. Maelezo yafuatayo yamekusudiwa kuviepusha vyama vingine na hasara ya namna hiyo.

KIFAA HIKI KINAFANYAJE KAZI

Wazee wetu wa baharini wanaijua bildi: kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba, kinachoteremshwa hadi chini ili nahodha ahesabu pima ngapi za maji ziko chini ya mashua yake. Mabaharia wa zamani wa nchi nyingi walipaka mafuta chini ya risasi hiyo, na ilipopandishwa waliangalia kilichonasa: mchanga, matope au vipande vya matumbawe. Kwa njia hiyo walijua kina na pia aina ya sakafu ya bahari.

Kitafuta samaki ni bildi ya sauti. Transdusa iliyo chini ya mashua hutoa mlio mkali usiosikika na masikio yetu. Mlio huo huteremka, hugonga chini ya bahari au hugonga samaki njiani, na mwangwi wake hurudi juu. Transdusa hiyo hiyo huupokea mwangwi, na mashine huhesabu muda uliopita. Sauti husafiri majini kwa mwendo wa kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde. Kwa hiyo mahali penye kina cha mita 30, sauti huenda na kurudi mita 60 kwa muda wa sehemu 4 tu kati ya 100 za sekunde moja. Popo angani na pomboo baharini hutafuta mawindo yao kwa kanuni hiyo hiyo.

Ujuzi huu si mpya. Baada ya meli ya Titanic kuzama mwaka 1912, Mjerumani Alexander Behm alitafuta njia ya kuigundua milima ya barafu kwa sauti. Njia yake ilifaa zaidi kupimia kina, naye akapata hataza mwaka 1913. Mwaka 1948 ndugu wa ukoo wa Furuno, mafundi wa umeme wa Nagasaki, Ujapani, walitengeneza kifaa cha namna hiyo kwa ajili ya wavuvi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vikatokea Marekani vifaa vidogo vya betri kwa ajili ya mashua za watu wanaovua kwa kujifurahisha. Vilivyomo madukani leo ni wajukuu wa vifaa hivyo: vimekuwa vyepesi na vyenye rangi, lakini kanuni ni ile ile.

KUSOMA KILICHO KATIKA KIOO

Anayenunua kifaa asichoweza kukisoma amenunua taa. Inafaa basi tueleze mambo manne ambayo kila nahodha ayajue kabla chama hakijatoa fedha.

Kwanza, kioo hakionyeshi yaliyo mbele ya mashua. Huonyesha yaliyo chini yake, na picha husogea kutoka kulia kwenda kushoto. Mstari wa mwisho upande wa kulia ndio wa sasa. Vyote vilivyo kushoto kwake vimekwisha pita. Nahodha akiona kundi la samaki katikati ya kioo hali mashua inakwenda, ajue kwamba amekwisha liacha nyuma. Na mashua ikiwa imetulia juu ya samaki mmoja aliyetulia, samaki huyo ataandikwa kama mstari mrefu, wala mstari huo haumaanishi samaki mrefu.

Pili, sauti haiteremki kama uzi. Hutanuka kadiri inavyokwenda chini, mfano wa mwanga wa tochi, kwa umbo la pia. Samaki anapoingia ukingoni mwa pia hiyo yuko mbali kidogo na transdusa. Akifika katikati yuko karibu zaidi, na akitoka huwa mbali tena. Hiyo ndiyo sababu samaki mkubwa apitiwapo na mashua huandikwa kwa umbo la upinde. Akipita ukingoni tu, nusu ya upinde huonekana.

Tatu, sakafu ngumu na sakafu laini haziandikwi sawa. Mwamba wa matumbawe hurudisha mwangwi wenye nguvu, na mara nyingi, katika maji machache, mstari wa pili huonekana kwa kina mara mbili ya ule wa kwanza, kwa sababu sauti imegonga chini, ikarudi juu, ikagonga chini tena. Matope huimeza sauti, na mstari wake huwa hafifu. Kwa mvuvi wa changu na chewa, habari hii ya mwamba ina thamani kuliko picha ya samaki wenyewe, maana apatikanapo mwamba penye mchanga mtupu, hapo ndipo samaki hukaa.

Nne, kinachorudisha mwangwi mwingi katika mwili wa samaki ni kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwake. Ndugu zetu wa Ziwa Victoria wanakifahamu vizuri, kwa kuwa kifuko cha sangara ndicho bondo linalokaushwa na kuuzwa kwa bei kubwa hadi nchi za Asia. Nyama ya samaki inafanana mno na maji, na sauti hupita ndani yake karibu bila kusimama, ilhali hewa huirudisha. Kutokana na hayo, samaki wasio na kifuko hicho huonekana kwa shida. Miongoni mwao ni papa, taa, sehewa, na hata nguru anayetafutwa sana na wageni wetu. Nahodha asiyejua jambo hili ataondoka mahali penye nguru kwa kuwa kioo kimemwambia kwamba hakuna kitu.

Vifaa vingi pia vina namna ya kuchora vijisamaki badala ya mwangwi wenyewe. Wageni huvipenda. Lakini hiyo ni kazi ya kukisia inayofanywa na mashine, nayo huweza kukichora kijisamaki mahali palipo na mapovu, mwani au mfuko wa plastiki unaoelea. Tunashauri alama hizo zizimwe, na nahodha ajifunze kuusoma mwangwi kama ulivyo.

MASWALI SABA KABLA YA KUNUNUA

1. Tunavua wapi, na kwa namna gani?

Hili ndilo swali kuu, na majibu ya mengine yote hutoka hapa. Maji yaliyo baina ya Unguja na bara, na yale ya Mafia, aghalabu yana kina cha makumi ya mita tu. Mkondo ulio baina ya Pemba na bara huteremka hadi mamia ya mita. Kifaa kitoshacho Mafia huenda kisitoshe mbele ya Tanga.

Aina ya uvuvi nayo ni muhimu. Mashua inayovua kwa mshipi juu ya mwamba hufaidika sana na kifaa hiki. Lakini mashua inayokokota chambo juu ya maji ikiwatafuta nduaro na jodari hufaidika kwa kiasi kidogo, kwa kuwa samaki hao huwa karibu na uso wa maji, mbali na pia nyembamba ya sauti iliyo chini ya mashua, na pengine hukimbia mlio wa injini. Nahodha wa uvuvi huo atasaidiwa zaidi na macho yake, na ndege wa baharini, na kujua ukingo ambapo maji machache yanaangukia kilindini. Kifaa kitamwonyesha ukingo huo. Samaki atawatafuta mwenyewe.

2. Masafa gani ya sauti?

Vifaa vya kawaida hutumia masafa ya kilohezi 200, au 83, au 50. Kanuni ni rahisi: masafa ya juu hutoa picha safi lakini hayaendi mbali, na masafa ya chini huenda kilindini lakini picha yake ni ya jumla. Pia ya nyuzi 20, ambayo ni ya kawaida kwa kilohezi 200, hufunika kiasi cha mita 10 za sakafu katika kina cha mita 30. Pia ya nyuzi 45, itokeayo kwa masafa ya chini, hufunika kiasi cha mita 25 katika kina hicho hicho. Pia pana hukusanya samaki wengi katika kioo, lakini haisemi kama samaki yuko chini yako barabara au yuko mita 12 pembeni.

Kwa maji yasiyozidi mita 60, kilohezi 200 zatosha. Kwa wanaofika kilindini, kifaa chenye masafa mawili, 200 na 50, ndicho cha kutafuta. Siku hizi vipo vifaa viitwavyo chapu, ambavyo kila mlio wake hupanda kutoka masafa ya chini hadi ya juu badala ya kubaki sauti moja. Hivi hutenganisha vizuri zaidi samaki waliokaribiana, au samaki aliyelala juu kidogo ya mwamba. Ikiwa tofauti ya bei si kubwa, inafaa kuichukua namna hiyo.

Vile vinavyopiga picha za pembeni kwa masafa ya kilohezi 455 na 800 huonyesha miamba na mabaki ya meli kwa uzuri wa kushangaza, lakini katika maji machache tu. Na vile vya kisasa kabisa vinavyoonyesha samaki akitembea wakati huo huo ni vya bei kubwa, hula umeme mwingi, na kwa maoni yetu si vya vyama vyetu kwa sasa.

3. Nguvu yake ni wati ngapi?

Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Nguvu ya mlio hutajwa kwa njia mbili: wastani, na kilele hadi kilele. Kifaa kimoja chaweza kuandikwa wati 300 kwa njia ya kwanza na wati 2,400 kwa njia ya pili, maana ya pili ni mara 8 ya kwanza. Mwenye kulinganisha bei tatu na ahakikishe kwamba zote zimetaja nguvu kwa njia moja. Hali kadhalika, kina kilichoandikwa kwenye sanduku hupimwa katika hali njema kabisa, mara nyingi katika maji baridi ya ziwa. Maji ya chumvi humeza sauti ya masafa ya juu kuliko maji ya ziwa. Kwa hiyo chagueni kifaa ambacho kina chake kilichotangazwa ni angalau mara mbili ya kina mnachovua.

4. Kioo cha namna gani?

Kioo cha inchi 5 chatosha mashua ndogo, na cha inchi 7 ni cha starehe. Kilicho muhimu kuliko ukubwa ni wingi wa nukta zinazoijenga picha kutoka juu hadi chini. Kioo chenye nukta 480 kwenda chini, kikionyesha maji ya mita 60, kila nukta husimama badala ya kiasi cha sentimita 12 za maji. Chenye nukta 320, kila nukta ni karibu sentimita 19, na changu aliyelala sentimita 15 juu ya mwamba aweza kumezwa na mstari wa mwamba huo. Kioo kitazamwe nje, juani saa sita mchana, wala si ndani ya duka penye kivuli. Ulizeni pia kama kinastahimili maji. Alama ya IPX7 maana yake ni kwamba kimejaribiwa kukaa ndani ya maji ya mita 1 kwa dakika 30.

5. Kina GPS?

Kama kuna jambo moja la kuongezea fedha, ni hili. Kifaa chenye GPS, yaani chenye kujua mahali kilipo kwa njia ya setilaiti, humwezesha nahodha kuweka alama juu ya mwamba mzuri na kuurudia siku nyingine, hata ukungu wa mvua ukiifunika milima ya nchi kavu ambayo aliitumia kupangia dira yake. Hupunguza mafuta yanayochomwa katika kutafuta, na huwaonyesha njia ya kurudi nyumbani wakati wa usiku. Hata hivyo, ramani zilizomo katika vifaa hivi mara nyingi hazionyeshi kila fungu na kila mwamba wa pwani yetu. Na kina cha mahali hubadilika: katika maji ya bamvu tofauti baina ya kujaa na kupwa hufikia kiasi cha mita 4 katika sehemu nyingi za pwani. Fungu lililopitika alfajiri laweza kuvunja mashua alasiri. Ramani ya kioo haitamsamehe nahodha aliyeacha kuangalia.

6. Umeme utatoka wapi?

Mashine nyingi ndogo za kuwasha kwa kamba hazina betri. Basi gharama ya betri na ya kuichaji ihesabiwe tangu mwanzo. Kifaa cha inchi 5 hutumia kiasi cha nusu ampea hadi ampea 1 kwa umeme wa volti 12. Betri ndogo iliyofungwa ya asidi, yenye ampea saa 7, isitumiwe zaidi ya nusu kama inatakiwa idumu. Kwa hiyo itatoa ampea saa 3 na nusu, yaani saa 7 za kazi kwa kifaa kinachotumia nusu ampea, na saa 3 na nusu kwa kile kinachotumia ampea nzima. Safari ya siku nzima yahitaji betri kubwa zaidi. Pale ambapo mashua ina betri ya kuwashia injini, kitafuta samaki kipewe betri yake peke yake. Ni heri kukosa picha kuliko kukosa injini mbele ya fungu lenye mawimbi. Fyuzi iwekwe karibu na betri, na betri ifungwe imara ndani ya sanduku lisiloingia maji.

7. Transdusa itafungwa wapi?

Hapa ndipo chama tulichokisimulia kilipopotea. Sauti hupita katika faiba iliyo ngumu tupu, na katika mashua ya namna hiyo transdusa yaweza kugandishwa ndani kwa gundi ya epoksi pasipo mapovu, ingawa nguvu kidogo hupungua. Lakini sauti haipiti inavyotakiwa katika mbao, wala katika faiba iliyojazwa sifongo au ubao katikati, wala penye hewa yoyote. Kwa mashua ya mbao ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuifunga transdusa nje, kwenye ubao wa tezi. Ya pili ni kutoboa chini na kuipitisha yenye mwili wa shaba nyeusi. Ya plastiki isipitishwe katika tundu la mbao, kwa kuwa mbao hufura majini na huweza kuipasua.

Ikifungwa kwenye tezi, iwe chini kabisa, mahali ambapo maji hupita laini, mbali na rafadha na nyuma ya sehemu isiyo na misumari wala mikanda inayotoa mapovu. Kwa rafadha ya kawaida inayozungukia kulia, upande wa kulia wa mashua ndio bora, kwa kuwa hapo mapanga hushuka. Mashua ikikimbia na picha ikapotea, lakini ikarudi mara mwendo unapopungua, kosa ni la mapovu, wala kifaa si kibovu. Isogezeni transdusa chini kidogo. Waya usikatwe kamwe: toboeni tundu kubwa zaidi, kisha mlizibe vema.

KUJARIBU KABLA YA KULIPA

Mwuzaji mwaminifu hatakataa kifaa kijaribiwe. Kamati imtume nahodha pamoja na mjumbe mmoja, wachukue kifaa, betri na bildi. Transdusa ifungwe kwa muda kwenye ubao na kuteremshwa pembeni mwa mashua. Waende mahali pa kina wanachokijua, watie bildi, kisha walinganishe. Waende juu ya mchanga, halafu juu ya mwamba, waone kama kioo kinatofautisha. Wafunge risasi ndogo kwenye mshipi na kuiteremsha chini ya transdusa: kifaa kizuri kitaiandika ikishuka. Mwisho, nahodha atakayekitumia kila siku akiendeshe mwenyewe bila mwuzaji kumshika mkono. Kama hakuelewa kwa Kiingereza kilichoandikwa ndani yake, kitafutwe chenye alama rahisi zaidi, au mwanachama kijana afundishwe pamoja naye.

Vipo pia vifaa vidogo vya kuelea vinavyotupwa majini na kutuma picha kwenye simu. Ni vya bei nafuu, havihitaji kufungwa, na kwa ngalawa iliyotulia vyaweza kufaa. Lakini havifai kuburutwa kwa mwendo, na simu ya mkononi si rafiki wa jua kali na maji ya chumvi.

HESABU YA CHAMA

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu. Kifaa, betri, chaja, waya na ufungaji vinagharimu jumla ya shilingi 1,200,000. Kamati inakadiria vitadumu miaka 4. Uchakavu wa kila mwaka ni shilingi 300,000, na tukiongeza shilingi 60,000 za matengenezo, gharama ni shilingi 360,000 kwa mwaka. Mashua ikitoka safari 60 kwa mwaka, kila safari inabeba shilingi 6,000. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, kifaa lazima kiokoe lita 2 kila safari, au kilete nyongeza ya nauli au ya samaki yenye thamani hiyo. Mashua inayotoka safari 60 ina tumaini. Inayotoka safari 15, kila safari itabeba shilingi 24,000, na hapo kamati ifikiri mara mbili.

Kabla ya yote, tunavikumbusha vyama utaratibu wa mahitaji. Mashua isiyo na makoti ya kujiokolea kwa kila abiria, isiyo na njia ya kuita msaada, na isiyo na sanduku la barafu, haijafikia zamu ya kitafuta samaki. Samaki aliyepatikana kwa kifaa cha thamani akaharibika kwa kukosa barafu ni hasara mara mbili. Ununuzi uidhinishwe na mkutano kwa utaratibu wa chama, bei tatu zilinganishwe, na kifaa kiandikwe katika daftari la mali pamoja na namba yake.

MIAMBA NI YA NANI?

Limebaki jambo moja lisilouzwa dukani. Nahodha mzee anapoweka katika kifaa cha chama alama ya mwamba alioonyeshwa na baba yake, ameitoa hazina yake. Zamani alama hizo zilikaa kichwani mwake, na zilitunzwa kwa sababu aliyezijua alikuwa mmoja. Zikiwa ndani ya kifaa, yeyote anayekishika kwa nusu saa aweza kuzinakili. Tunashauri kila chama kiamue mapema nani atakishika kifaa, kirudishwe wapi baada ya safari, na alama ziandikwe katika daftari linalofungiwa ofisini, ili kifaa kikiibwa au kikiharibika ujuzi usipotee pamoja nacho. Na nahodha aliyezitoa alama hizo aheshimiwe kwa jambo hilo mbele ya mkutano.

Lipo na kubwa zaidi. Kifaa hiki hakiongezi samaki baharini hata mmoja. Kinachofanya ni kufupisha muda wa kuwapata waliopo. Chewa ni samaki anayekua polepole, na baadhi ya jamii zake hukusanyika mahali pamoja wakati wa kutaga. Mwamba wa namna hiyo ukirudiwa kila siku kwa msaada wa GPS, waweza kumalizwa kwa msimu mmoja, na kioo kitaendelea kuonyesha mwamba mzuri usio na kitu. Wageni wanaovua kwa kujiburudisha hawahitaji kujaza sanduku, wanahitaji siku njema baharini. Nahodha awe na idadi ya samaki wa kuchukua, na zamu ya kuipumzisha miamba.

Mipaka ya hifadhi nayo iwekwe katika kifaa tangu siku ya kwanza. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995. Ya Tanga ilianzishwa mwaka 2009, kwa ajili ya silikanti, samaki wa kale wa kilindini ambaye amekuwa akinaswa katika nyavu za wavuvi wa huko. Kila nahodha aulize kwa ofisa wa uvuvi wa eneo lake kuhusu sehemu zilizofungwa na leseni zinazotakiwa, maana kifaa kinachojua mahali kilipo humnyima mwenye kosa udhuru wa kusema kwamba hakujua.

MWISHO

Kwa mashua ndogo ya chama cha pwani inayovua kwa mshipi katika maji yasiyozidi mita 60, ushauri wetu kwa kifupi ni huu: kioo cha inchi 5 chenye nukta za kutosha, sauti ya kilohezi 200 au chapu, GPS ndani yake, betri ya peke yake, na transdusa inayoelewana na mwili wa mashua. Kinachozidi hapo ni anasa, na kinachopungua hapo kichunguzwe kwa makini.

Waswahili husema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kitafuta samaki hakimwondolei mvuvi kazi ya kugaagaa. Kinamsaidia ajue ni upwa upi. Chama kinachokusudia kununua kituandikie kwanza urefu wa mashua, kama ni ya mbao au ya faiba, kina cha maji yanayovuliwa, na idadi ya safari za mwaka uliopita. Mambo hayo manne yakijulikana kabla ya mkutano, jibu la swali la "tununue kipi" huwa limekwisha patikana kwa nusu.